Tunadai mwanamke ahudumiwe na mwanamke, mbona hatumsomeshi?



Hivi karibuni shemeji yangu alinipigia simu kutoka Handeni akiwa amekasirika. Binti yake, yaani mpwa wangu, amemaliza kidato cha nne. Amefaulu fizikia, kemia na baiolojia, na sasa anataka kwenda kusomea stashahada ya eksirei. "Shemeji," akasema, "nimeuza magunia mangapi ya mahindi kwa ajili ya ada, leo mtoto ananiambia anataka kuwa mpiga picha? Zungumza naye. Wewe ndiye mjomba, atakusikia."

Nilimwahidi kuwa nitazungumza naye. Lakini nilipokata simu nilijikuta sina cha kumwambia yule binti, kwa sababu mimi mwenyewe nina deni la zamani katika jambo hili. Leo naona nilieleze hadharani, huenda likamfaa mzazi mwingine.

Mwaka 2006 mama yangu aliteleza kisimani, huko kijijini kwetu wilayani Handeni. Alishindwa kunyanyuka, na mguu wake mmoja uligeukia nje. Tulimpakia nyuma ya pikapu. Wakati ule barabara ya Handeni kwenda Korogwe ilikuwa bado ya vumbi, na zile kilomita 65 alizilia kila shimo. Kutoka Korogwe tukaelekezwa hospitali moja ambayo jina lake halina umuhimu hapa. Daktari akaandika apigwe eksirei ya nyonga.

Ndani ya chumba tulimkuta kijana wa kiume, peke yake. Mama akaishika kanga yake kwa mikono miwili, akakataa. Na mimi, badala ya kumtuliza, nikapandisha sauti: "Hakuna mwanamke hapa? Hamjui kuwa sisi ni Waislamu?" Yule kijana hakukasirika. Alinijibu kwa upole: "Kaka, hata mimi ni Muislamu. Mwanamke wa kazi hii hapa hayupo. Hivi mabinti zetu tumewapeleka kuisomea?"

Sikuwa na jibu. Kwa hasira nikamrudisha mama nyumbani, tukamwita fundi wa kuunga mifupa. Mama aliishi miaka tisa baada ya hapo, akitembea kwa fimbo na kuswali akiwa ameketi. Mpaka leo sijui ni mfupa gani uliovunjika, kwa sababu picha haikupigwa.

Baadaye nilimuuliza sheikh mmoja. Akanieleza kuwa katika matibabu, asipopatikana mwanamke, mwanamume anaruhusiwa kumhudumia mgonjwa wa kike kwa kiasi cha dharura, na kinachofunuliwa ni kile tu kinachohitajika. Kumbe hata hoja ya dini niliyoipandishia sauti sikuwa naijua vizuri!

Lakini tuseme nilikuwa na haki ya kutaka mama yangu ahudumiwe na mwanamke mwenzake. Haya ni matakwa ya heshima, na akina mama wengi wanayo, wawe Waislamu au la. Swali ni hili: je, mtu anayo haki ya kudai jambo ambalo yeye mwenyewe amelizuia lisipatikane? Ninamfungia binti yangu asisome, kisha nakwenda hospitali kugomba kwamba hakuna binti aliyesoma. Huyo binti nilitaka atoke wapi? Nilitaka azaliwe na nani?

Tunafundishwa kwamba ipo fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima. Wakiutekeleza baadhi, wengine husalimika. Wakiuacha wote, wote wanaingia makosani. Watu wengi wakiisikia fardhi hii hukumbuka kumswalia maiti tu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutaja udaktari katika kitabu chake cha Ihyaa kuwa ni fardhi kifaya. Akalalamika kwamba miji mingi haina tabibu Muislamu, ilhali watu wanasongamana katika elimu ya fiqhi na mabishano yake. Ni zaidi ya miaka mia tisa sasa. Je, tukimsoma leo hatujioni?

Sasa nirudi kwa shemeji na neno lake la "mpiga picha". Mionzi hii iligunduliwa na Wilhelm Röntgen, huko Ujerumani, Novemba 8, 1895. Tangu hapo daktari anaweza kuona ndani ya mwili bila kuupasua. Lakini daktari huona kile alicholetewa. Mgonjwa akilazwa vibaya, ufa wa mfupa unaweza usionekane. Mionzi ikizidi, mgonjwa amebebeshwa madhara bila faida. Ikipungua mno, picha haisomeki na itabidi irudiwe. Hayo yote yamo mikononi mwa mtaalamu wa eksirei. Kijana wa bodaboda aliyegongwa barabara kuu pale Korogwe, mzee anayekohoa na kushukiwa kifua kikuu, wote hupita kwake.

Yeye pia ndiye anayepaswa kumuuliza mwanamke: "Je, una ujauzito?" Ni swali zito, kwa sababu mionzi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Binti wa kijijini kwetu, ambaye hata mama yake hajui, atamjibu ukweli mwanamume asiyemfahamu? Hapo mwanamke mwenzake si suala la stara tu. Ni suala la uhai.

Na tusisingizie uhaba wa mashine. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za Uviko-19, na sehemu yake ilinunua mashine za eksirei na CT-scan. Mashine hununuliwa kwa mkopo. Mtu wa kuiendesha hatoki bandarini ndani ya kontena. Anatoka majumbani mwetu.

Shemeji ana hofu nyingine, na sitaidharau. Anasema mionzi itamharibu binti, asizae. Ni kweli kuwa waliotangulia waliumia. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikatwa mikono na akafariki mwaka 1904 kwa sababu ya mionzi, kwani madhara yake yalikuwa hayajafahamika. Leo yanafahamika. Mtaalamu husimama nyuma ya kinga, huvaa aproni ya risasi inapohitajika, na huvaa kifaa kinachopima mionzi aliyopokea. Hapa nchini ipo Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, kusimamia mambo hayo. Hatari haikwisha, ila imewekewa mipaka, na anayeifuata kanuni hufanya kazi hadi kustaafu.

Yapo pia ya zamu za usiku, na yapo ya ajira, ambayo siku hizi haina ahadi kwa msomi yeyote. Hayo ni ya kupanga kama familia. Wala sisemi kila binti asukumwe huko. Asiyeipenda fizikia asilazimishwe. Nasema anayetaka asizuiwe kwa kutojua kwetu.

Nilikwenda Handeni, nikakaa na mpwa wangu barazani. Nikamuuliza kwa nini amechagua kazi hii. Akasema: "Mjomba, nakumbuka bibi alikuwa anachechemea. Kila nikiuliza aliumia nini, naambiwa alianguka. Hakuna anayejua zaidi ya hapo."

Nikamweleza yote, pamoja na jinsi nilivyopandisha sauti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama yule kijana wa eksirei nilimwomba radhi. Sikumwomba, na sijui yuko wapi leo.

Shemeji bado hajakubali. Nimemwambia ada ya mwaka wa kwanza nitaitoa mimi, na kwamba sitoi msaada, nalipa deni. Kwa wazazi wenzangu wa Handeni, Korogwe na kwingineko, swali la yule kijana nawaachieni na ninyi: mabinti zetu tumewapeleka kuisomea?

Wabillahi tawfiq.