Rudisha Mkono, Mwanangu

Mwanangu, keti kwanza. Kamba utairuka baadaye. Nimekutazama jioni nzima ukilitandika lile begi, ngumi sita, saba, nane kwa mpigo, na wenzako wakikushangilia. Mimi sikushangilia, nawe uliona. Si kwamba sikupendi. Nimechoka kusema neno lilelile kwa kila kijana anayeingia humu, lakini una pambano karibuni, kwa hiyo nitalisema tena, na kesho ukitaka nitalirudia: jebu yako inakwenda, hairudi.

Kuitoa unaitoa vizuri. Bega linapanda kufunika kidevu, kiwiko hakichomozi nje, ngumi inageuka mwishoni, na mguu wa mbele unakanyaga hatua fupi pamoja na mkono. Hayo umeyashika, nami nakupongeza. Lakini mkono ukishafika unauachia uanguke hadi tumboni, ndipo uanze kuupandisha. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ya mkono wako ni shavu, na uirudie njia ileile uliyokwendea, kwa kasi ileile. Begi halikuadhibu kwa kosa hilo kwa sababu begi halina mkono wa kulia.

Joe Louis aliadhibiwa. Mwaka 1936 alikuwa hajashindwa pambano hata moja la kulipwa. Max Schmeling, Mjerumani ambaye wengi walidhani muda wake umekwisha, alikaa akatazama filamu za mapambano yake akaona jambo moja: Louis akishapiga jebu, mkono wa kushoto unashuka. Usiku ule pale Yankee Stadium, New York, Schmeling alipitisha kulia kwake juu ya mkono huo, tena na tena. Louis akaangushwa raundi ya 4, na raundi ya 12 hakuinuka kabla ya hesabu kwisha. Waliporudiana mwaka 1938, Louis alimmaliza katika raundi ya kwanza, kwa dakika 2 na sekunde 4. Kama bondia wa kiwango kile alisomwa mkono ukishuka, wewe unadhani hutasomwa?

Na usiniletee habari za Ali. Kila mwaka kuna kijana ananiletea Ali. Ni kweli alishusha mikono, na ni kweli kwamba Kinshasa, Oktoba 30, 1974, katika raundi ya kwanza alimpiga Foreman mkono wa kulia bila kutanguliza jebu. Lakini mkono wa nyuma una safari ndefu, na mpinzani ana muda wa kuuona ukija. Ali aliweza kwa kuwa kila aliyesimama mbele yake aliisubiri ile jebu aliyoijenga kwa miaka mingi. Ya kwako nani anaisubiri?

Sasa hizo ngumi nane. Mbili za kwanza ni nzuri, zilizobaki ni kelele. Kufikia ya tatu miguu yako imeshalingana na uzito haupo popote. Ngumi moja inatakiwa iiandae inayofuata. Kulia kulikonyooka kukitoka, nyonga inageuka na uzito unahamia mguu wa mbele. Kutoka hapo ngumi ya kuzungusha ya kushoto ina nguvu bila wewe kuilazimisha. Ukishaipiga, uzito unarudi nyuma na kulia kuko tayari tena. Ndiyo maana tunafundisha jebu, kulia, kushoto, kwa mpangilio huo. Wala si kila jebu iumize. Ipo ya kupima umbali, ipo ya kumziba mpinzani macho asione kulia kunakuja, ipo ya tumboni, ukiwa umekunja magoti, ili mikono yake ishuke. Piga mbili mfululizo, ya kwanza nyepesi, ya pili nzito, uone atakavyobabaika. Na ufundi huthaminiwa: Philip Waruinge wetu wa Kenya alitoka Mexico mwaka 1968 na medali ya shaba, lakini Kombe la Val Barker, la bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki ile, alipewa yeye, si mmoja wa waliobeba dhahabu.

Na huyo rafiki yako wa kikiboksi, asogee asikie. Kwake hatua ndefu ya jebu ni hatari, maana mguu wa mbele ukishabeba uzito wote hauwezi kuinuka kuzuia teke la paja. Asimame wima kidogo, hatua iwe fupi, na asiinamishe kichwa ovyo, kwani huko chini kuna goti. Amtazame Ernesto Hoost wa Uholanzi, bingwa wa mashindano ya kikiboksi ya K-1 mara 4. Mikono yake ilimlazimisha mtu ainue gadi na kukaza miguu, kisha teke likatua kwenye paja ambalo halikuwa na nafasi ya kuondoka.

Nakusumbua hivi kwa ajili ya kichwa chako. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Seoul mwaka 1988, na mwaka 1994 alifariki Las Vegas baada ya pambano. Simlaumu kwa lolote. Alikuwa bondia hodari, na mchezo ukamchukua. Nami mama yako alikukabidhi kwangu ukiwa mzima.

Kwa hiyo wiki hii hakuna kupiga zaidi ya ngumi tatu kwa mpigo. Tutaanza mbele ya kioo, jebu peke yake, polepole, hadi uuone mkono ukigusa shavu kila mara. Kisha nitashika pedi, na ukiushusha nitakugusa uso, usinikasirikie. Mwisho utacheza na mwenzako jebu kwa jebu, dakika 3, mkono wa nyuma ukidaka ya kwake tu. Mabega yatawaka moto, na hapo ndipo nitakapokutazama zaidi. Haya, funga bendeji, uende kwenye kioo.