Mwenye Kuuza Motokari ya Zamani, Je, Aseme Yote?

Waswahili husema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wasomaji wapenzi, methali hiyo ni ya kweli kwa maembe na kwa vitambaa, maana macho na pua vyatosha kuvihukumu. Lakini viko vitu ambavyo uzuri wake haukai mahali pa kuonekana. Tuchukue kimoja: motokari ya mbio ya Wajapani, yenye umri wa miaka zaidi ya 50, nayo yatangazwa kuuzwa kwa maneno machache tu: imetunzwa vizuri.

Tuseme ni ile Datsun 240Z. Kampuni ya Nissan iliitoa mwaka 1969. Kwao Japani iliitwa Fairlady Z. Huko Marekani Yutaka Katayama, aliyeongoza kazi ya kampuni hiyo, hakulipenda jina hilo la kibibi, ikaitwa kwa namba na herufi tu. Pua ndefu, viti viwili, mashini ya silinda sita yenye lita 2.4, na bei yake dola 3,526. Hadi mwaka 1973 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 150,000. Basi haikuzaliwa adimu. Toyota 2000GT ya miaka ileile, hiyo ni adimu tangu kiwandani, maana hazikufika 400. Datsun imekuwa adimu kwa sababu nyingine: nyingi zimeliwa na kutu. Bati lake lilikuwa jembamba, maji yalikaa chini ya sakafu, chini ya betri, nyuma ya madigadi ya mbele. Na katika nchi za baridi humwagwa chumvi njiani ili kuyeyusha barafu.

Mwezi wa Januari 2020 moja, iliyosifiwa kwa kubaki karibu kama ilivyotoka kiwandani, iliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola 310,000. Ilionyesha maili 21,000 na kitu, yaani kilometa kama 35,000. Je, mnunuzi alilipia nini? Si mwendo, maana kwa fedha hizo angepata motokari mpya kadhaa zinazoishinda. Si bati wala mashini. Alilipia miaka 50 ambayo yeye hakuwapo kuiona.

Tazameni saa ya kuhesabia maili. Katika Datsun hizo ina tarakimu tano. Ikifika 99,999 hurudi kwenye sufuri na kuanza tena. Kwa hiyo motokari inayoonyesha 21,000 huenda imetembea 121,000, na saa yenyewe haina uongo. Tena mkono wa mtu waweza kuirudisha nyuma. Marekani ilitunga sheria mwaka 1972 ya kukataza jambo hilo. Kisha bati. Matundu ya kutu huzibwa kwa mastiki, husuguliwa, hupakwa rangi, yakang'aa kama kioo. Ndiyo sababu mnunuzi mwenye busara hutembea na sumaku ndogo: penye chuma hunasa, penye mastiki huanguka. Lakini sumaku haifiki kila mahali, wala mnunuzi aliye mbali hawezi kuituma kwa posta.

Swali hili ni la kale. Cicero, Mrumi, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake juu ya wajibu. Alieleza mabishano ya Diogenes wa Babilonia na mwanafunzi wake Antipater, kwa mfano wa nyumba mbovu ambayo ubovu wake waujua mwenyewe tu. Diogenes alitetea kwamba muuzaji hakumshurutisha mtu kununua, na kunyamaza si kudanganya. Antipater alilinganisha kunyamaza huko na kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea.

Sisi twasimama upande wa Antipater. Tena twaona kwamba kwa motokari hii sababu yake yafika mbali kuliko kwa nyumba. Nyumba yenye ufa bado ni nyumba. Mnunuzi amepunjwa sehemu. Lakini anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya neno "imetunzwa" amenunua ushuhuda. Ushuhuda ukiwa wa uongo, hakupewa kitu kibaya: hakupewa kitu. Diogenes angesema, basi aikague mwenyewe. Aikague vipi siku moja ya mwaka 1984, motokari ilipogongwa ubavuni na kunyooshwa? Siku hiyo aijua mwenye nayo peke yake.

Wala hatusemi kwamba kutengeneza ni hila. Baada ya miaka 1995 hivi Nissan wenyewe walinunua 240Z zilizochakaa huko Marekani, wakazifanya upya, wakaziuza kwa zaidi ya dola 20,000 kila moja, na kila mnunuzi alijua kwamba anapata kitu kilichofufuliwa. Rangi mpya haina kosa. Kosa ni kuiita ya zamani.

Wengine watatucheka: mwenye kutoa dola 310,000 kwa kitu cha kuchezea akipunjwa kidogo, nani atamlilia? Maneno hayo yapendeza masikioni. Lakini si wanunuzi wote ni matajiri. Wako walioitamani motokari hiyo tangu ujana, wakaweka akiba miaka mingi, wakatafuta moja ya bei ya chini. Hao ndio wanaoletewa mastiki. Tajiri huja na fundi wake. Na sakafu iliyoliwa na kutu haiulizi mali ya mtu aliyekaa juu yake siku ya ajali.

Linalotutatiza zaidi ni jambo lingine. Mara nyingi anayeuza siye aliyeitunza. Baba amekufa, motokari imo gereji chini ya turubai, na binti yake hajui kama iligongwa, wala kama saa ilizunguka mara moja au mbili. Wanunuzi wamwuliza. Akijibu "sijui", bei yashuka palepale, hata kama motokari ni safi kabisa. Akirudia yale aliyozoea kusikia mezani, kwamba baba aliiendesha siku za Jumapili tu, bei yapanda. Na huenda ni kweli. Twaona ana ruhusa ya kuyarudia, mradi aseme kwamba ni maneno ya baba, si yake. Tena atoe zile risiti za mafundi zilizomo katika boksi la viatu, zote, hata ile ya mwaka 1979 iliyoandikwa maili 88,000. Karatasi hiyo moja pengine itamnyang'anya nusu ya bei. Nduguze wanangoja mgawo wao, nao hawakuwapo alipolifungua lile boksi.