Askari Mgeni
Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Burundi kutoka kwa Wajerumani. Lakini waliobeba bunduki walikuwa wengi wao vijana wa Kongo, waliovushwa mpaka kupigania bendera isiyo yao. Je, yatupasa sisi wa Kabonga kumkumbuka kijana aliyefia huku ugenini? Wako wasemao kuwa alituletea vita, basi na asahauliwe. Hatukubaliani nao: kumlilia aliyetumwa si kumsifu aliyemtuma. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwaenzi askari wa Waingereza wa vita vile vile, haitaji jina la mtu. Na neno lenyewe, kama wajuavyo wanafunzi wetu, halitofautishi umoja na wingi. Mama yake hakumngoja askari. Alimngoja mwanawe, kwa jina.