Mgeni Anayelipa Kodi

Katika misiba ya Tunduma, kama kwingi Tanzania, mhubiri hachelewi kuwakumbusha waombolezaji kwamba duniani sote ni wapangaji. Watu huitikia, kwa kuwa ni kweli. Lakini miongoni mwa wanaoitikia huenda yumo mwenye vyumba sita vya kupangisha, na yumo Mzambia anayelala katika kimojawapo, ambaye kodi yake ya miezi sita inakaribia kwisha na hajui kama ataongezewa muda. Neno hilo moja haliwezi kuwaelemea wote wawili kwa uzito uleule.

Mji huu wa mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umeshikana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba mtu hulala nchi moja akafanya biashara nchi nyingine. Shehena ya Zambia na Kongo imepita hapa kwa lori na kwa reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, na waliofuatana nayo wamehitaji mahali pa kulaza ubavu: madereva, utingo, mawakala wa forodha, wauza nguo. Wazambia na Wakongo hupanga Tunduma; Watanzania nao hupanga Nakonde. Anayepata kwacha na kulipa kodi kwa shilingi huishi akichungulia bei ya kubadilisha fedha. Hata saa hazilingani, kwani Zambia iko nyuma kwa saa moja.

Mpaka wenyewe ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, na Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili. Kwa hiyo mgeni anayebisha hodi kuulizia chumba huenda akamwamkia mwenye nyumba kwa lugha ya mama yake. Ataombwa hati hata hivyo, wala si kwa roho mbaya: sheria ya uhamiaji humtia hatiani pia anayemhifadhi mtu asiye na kibali.

Na huyo mwenye nyumba ni mwenye nini hasa?

Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka Waafrika nao waimiliki ardhi moja kwa moja na kuiuza, Julius Nyerere aliandika kupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu na mtu hustahili jasho alilolitia juu yake, si udongo wenyewe; wenye fedha wakiachiwa kuinunua, wengi watageuka wapangaji katika nchi yao. Mwaka 1963 umilikaji wa namna hiyo ulifutwa. Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, ikamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo haipo tena, lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 bado inasema ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati ndefu kuliko zote ni ya miaka 99. Ng'ambo, sheria ya Zambia ya 1995 nayo imeikabidhi ardhi kwa Rais kwa niaba ya watu. Baba mwenye nyumba na mpangaji wake, basi, wametofautiana kwa muda: mmoja anahesabu miaka, mwenzake miezi.

Tukirudi kwa mhubiri, sura ya 25 ya Mambo ya Walawi inapunjwa ikisomwa kama faraja tu. Mungu anapowaambia Waisraeli kwamba nchi ni yake nao ni wageni kwake, hapo anatunga sheria ya ardhi. Kwa sababu hiyohiyo hawana ruhusa ya kuiuza daima, na kila mwaka wa 50 shamba sharti lirudi kwa ukoo wake. Mbele kidogo wanaagizwa wamtegemeze ndugu aliyefilisika aweze kukaa nao, kama mgeni anavyokaa. Upangaji wa binadamu umetajwa pale ili kumfunga mikono aliyeshika ardhi. Mahubiri yanayoutumia kumtuliza asiye na kitu yameishia nusu ya njia.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, kwa upande wake, kinamalizikia kwa mpangaji. Paulo, akingoja kesi yake Roma, alikaa miaka miwili katika nyumba aliyoilipia mwenyewe, akampokea kila aliyemjia. Mwenye nyumba hatajwi. Lakini kodi ile ilimpa Paulo kitu ambacho ukarimu usingempa, yaani mlango wa kuwafungulia wengine. Sira ya Mtume Muhammad ina jambo la karibu na hilo. Alipohamia Madina mwaka 622 alikaribishwa nyumbani kwa Abu Ayyub al-Ansari, lakini kiwanja cha msikiti, kilichokuwa cha mayatima wawili, alikataa kupewa bure. Kulipa, katika visa vyote viwili, ni namna ya kukaa na watu bila kuwa mzigo wala mwombaji.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1795 juu ya amani ya kudumu, alimpa mgeni haki ya kuzuru: asifanywe adui kwa sababu tu amefika. Kukaa, alisema, kunahitaji mapatano ya pekee. Mpangaji ameyafanya mapatano, ila na mtu mmoja, si na dola. Mei 2020 Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa sababu ya korona, mkataba wa chumba haukuwa na sauti. Julai 2025 Tanzania iliwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwamo za rejareja na udalali wa nyumba. Dola ina mamlaka hayo, na raia wana haki ya kuyajadili.

Mwenye nyumba hana mamlaka hayo. Akimtishia mpangaji kwamba atamwita afisa uhamiaji, ili tu asirudishe kodi ya miezi iliyobaki, ameazima rungu la serikali kukwepa deni lake binafsi. Hilo ni dhuluma, hata kama kibali cha mgeni kimekwisha kweli. Anachodaiwa mwenye nyumba kinajulikana mtaani: mkataba wa maandishi katika lugha ambayo mpangaji anaisoma, stakabadhi ya kila malipo, notisi ya kutosha, na mwenyekiti wa mtaa awe shahidi siku ya kuingia na siku ya kutoka.