Karatasi ya Marehemu ni Mali ya Nani?

Na uwekwe mfano wa mama mmoja wa Rugenge, mjini Uvira. Mumewe amefariki hospitalini, naye amekwisha kuzikwa. Sasa mjane yampasa kupata karatasi ya daktari yenye kushuhudia kifo na sababu yake. Aambiwa: «Daktari hayupo, urudi kesho.» Kesho yake muhuri haupo. Siku ya tatu karani amwuliza kwa sauti ndogo kama hakuleta matabishi. Matanga yamekwisha, majirani wamerudi ziwani na mashambani, na mjane angali akienda na kurudi mikono mitupu.

Karani akiulizwa, hujibu: «Sikuiba, wala sikumdhuru mtu. Nimekawia tu.» Je, asema kweli?

Yafaa kwanza kupima hasara. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 yataka kifo kitangazwe katika ofisi ya serikali kwa muda uliowekwa. Muda huo ukipita, shauri hupelekwa kwa hakimu, na gharama huongezeka. Pasipo cheti, yatima hushindwa kudai haki za kazi ya baba yao, na mjane hana ushahidi mkononi shemeji zake wakiitaka nyumba. Kanisa nalo halifungishi ndoa ya mjane kabla kifo cha mwenzi wa kwanza hakijathibitika. Tena liko baya kuliko hayo. Daktari ajua ya kwamba mtu yule aliuawa na kipindupindu, kiwezacho kuua mtu mwenye nguvu kwa siku moja. Lakini karatasi yalala mezani. Huku mtaani ndimi zaanza kutafuta mchawi, na bibi kizee asiye na kosa atazamwa kwa macho mabaya.

Hata hivyo, si kila kukawia ni dhambi. Daktari aliye peke yake kati ya wagonjwa wengi hana kosa akiwahudumia kwanza walio hai. Ila na amtajie mjane kwa upole siku ya kweli ya kurudi. Akawiaye kwa uvivu ana kosa, kwa maana hadhani kwamba miguu ya maskini huchoka. Lakini azuiaye karatasi kusudi apewe fedha ni mwivi. Karatasi ile si mali yake. Ni ukweli juu ya marehemu, na ukweli huo ni haki ya jamaa zake. Amri ya Saba haikatazi kunyang'anya tu. Yakataza pia kuzuia kilicho cha mwenzio.

Pengine karani atasema: «Nami mshahara wangu haujalipwa miezi mingi.» Neno hilo laweza kuwa kweli, nalo ni dhuluma. Lakini mjane siye aliyemdhulumu. Deni hudaiwa kwa mwenye deni, halidaiwi kwa mpita njia.

Na mjane akilipa kwa kulazimishwa? Mzigo wa dhambi wamwangukia aliyemlazimisha. Lakini jirani zake Wakristu wasimwache aende peke yake. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na tendo hilo haliishi kaburini. Wawili watatu wafuatane naye hata ofisini. Mtu aombaye matabishi hupenda giza, huogopa mashahidi.

Jioni ya Ijumaa Kuu, Yozefu wa Arimatea alikwenda kwa Pilato kuuomba mwili wa Yezu. Pilato alimwita akida, akamwuliza kama Yezu amekwisha kufa. Akajibiwa, akatoa ruhusa jioni ile ile. Aliyemhukumu asiye na kosa hakumwambia Yozefu arudi kesho. Mkatekumeni ambaye siku moja atashika kalamu na muhuri, atafanya nini mjane akisimama mlangoni pake? Asimpite Pilato kwa ugumu wa moyo.