Baada ya Hema Kukunjwa

Kila likizo ya Juni au Desemba, makanisa mengi huwapeleka vijana wake kambini. Watafuta Njia hujifunza kufunga mafundo, kuwasha moto, kutambua nyota na kupika kwa zamu. Asubuhi kuna ibada, jioni kuna nyimbo na ushuhuda, na siku ya mwisho wito hutolewa. Vijana husimama, wengine kwa machozi, wakiahidi kumfuata Kristo. Wiki tatu baadaye mzee wa kanisa anamwona mmoja wao amerudia njia zake za zamani, naye anatikisa kichwa: “Ule ulikuwa moto wa kambi tu.”

Ndani ya maneno hayo limo swali zito. Kambini simu zimekusanywa, marafiki wabaya wako mbali, na hakuna anayemcheka mtu akipiga magoti. Je, wema unaoonekana mahali ambapo ni rahisi kuwa mwema ni wema wa kweli? Na kama si wa kweli, je, ni haki kutumia sadaka za waumini, wengi wao wakulima na wachuuzi, kwa ajili ya siku saba zinazopita kama ndoto?

Siku Saba Katika Vibanda

*Soma Mambo ya Walawi 23:39–43. Kwa nini Mungu aliwaagiza watu wenye nyumba zao wakae katika vibanda?*

Mungu mwenyewe aliweka kambi katika kalenda ya watu wake. Mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, Waisraeli walitoka katika nyumba zao wakakaa siku saba katika vibanda vya matawi. Sababu imetajwa katika fungu la 43: vizazi vijavyo vilipaswa kujua jinsi Bwana alivyowakalisha baba zao vibandani alipowatoa Misri. Mtoto aliyezaliwa Yerusalemu hakuvuka Bahari ya Shamu wala hakuokota mana. Angeweza kusimuliwa habari hizo kila siku na bado zikabaki kuwa habari za watu wengine. Lakini usiku mmoja chini ya paa la matawi, upepo ukipenya, ulimfundisha kwamba watu wake waliishi kwa kuutegemea mkono wa Mungu.

Sikukuu hiyo haikuwekwa ili ichukue nafasi ya maisha ya kila siku. Ilipokwisha, vibanda viliachwa na kila mtu akarudi shambani kwake. Hakuna aliyesema kwamba sikukuu ilikuwa bure kwa kuwa watu wameacha kulala vibandani. Walirudi nyumbani wakiwa wanajua jambo.

Hapo ndipo ilipo faida ya kambi inayodumu. Kijana anayeamka alfajiri siku saba ili aombe, anayesugua sufuria walizolia wenzake, anayekaa bila simu na kuona kwamba siku inapita vizuri, hajapata utakatifu uliokamilika. Amepata ujuzi: anajua kwamba inawezekana. Kabla ya kambi angeweza kusema kwa moyo mnyofu kwamba maisha ya namna hiyo hayawezi. Baada ya kambi hawezi tena kusema hivyo. Akianguka, anaanguka akiijua njia ya kurudi.

Wala wema uliojifunzwa mahali pepesi si wa uongo. Mtoto hufundishwa kutembea mahali tambarare, na hakuna mzazi anayezidharau hatua zake kwa sababu bado hajapanda mlima.

Watu Elfu Saba

*Soma 1 Wafalme 19:9–18. Eliya alikuwa na malalamiko gani, na Mungu alimjibuje?*

Pangoni Horebu, Eliya alilalamika mara mbili kwamba amebaki peke yake. Mungu hakumwacha akae pale. Alimpa kazi ya kufanya, akampa Elisha awe mwenzake, akamjulisha kwamba wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti.

Kijana Mwadventista shuleni mara nyingi ni Eliya mdogo. Huenda darasa zima ni yeye tu asiyeingia katika vipindi au mtihani wa Jumamosi. Wenzake humwona mvivu, walimu humwona mkaidi, na muda unavyopita yeye mwenyewe huanza kujiuliza kama wazazi wake hawakukosea. Anapofika kambini na kukuta mamia ya vijana wa rika lake, wengine wakiwa na shida ile ile, hesabu yake inabadilika. Atakapoitwa tena ofisini kwa mwalimu mkuu muhula unaofuata, hatakuwa na hema wala moto, lakini atakuwa na majina ya wenzake wanaosimama kama yeye mahali pengine.

Kazi ya vijana katika kanisa hili ilianza kwa namna hiyo. Mwaka 1879, huko Hazelton, Michigan, Luther Warren mwenye umri wa miaka 14 na Harry Fenner mwenye miaka 17 walikuwa wakitembea wakizungumza juu ya hali ya kiroho ya vijana wenzao. Walitoka kando ya njia wakaomba, kisha wakaanzisha chama kidogo cha vijana. Watafuta Njia, waliotambuliwa rasmi na Konferensi Kuu mwaka 1950, ni tawi la mti uliopandwa siku zile. Mbegu yake ilikuwa vijana wawili waliogundua kwamba hakuna kati yao aliye peke yake.

Kambi Inaweza Kufundisha Ubaya

Hata hivyo si kila kambi humjenga kijana. Mwaka 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22, wenye umri wa miaka 11 hivi, katika kambi ya kiangazi huko Oklahoma, Marekani, wakawagawa katika makundi mawili. Hakukuwa na ugomvi wowote kati yao. Lakini yalipoanza mashindano ya kugombea zawadi, haikuchukua siku nyingi wavulana wakatukanana, wakachomeana bendera na kuvamiana katika vibanda vya kulala. Kuwakalisha pamoja wakati wa chakula hakukusaidia. Kilichosaidia ni kazi ambazo kundi moja halikuweza kuzimaliza peke yake, kama kutafuta tatizo la maji ya kambi na kuvuta lori lililogoma kuwaka. Mwishowe walirudi nyumbani katika basi moja.

Basi, hema na hewa safi havina wema ndani yake. Kambi hufundisha kile ambacho viongozi wake wamekipanga. Mahali ambapo kombe la gwaride limekuwa jambo kuu, kijana hurudi akiwa amejifunza kuwadharau vijana wa mtaa mwingine. Mahali ambapo makundi yote yamechota maji kutoka kisima kimoja na kumjengea choo mjane wa kijiji kile, hurudi na kitu kingine.

Yuko pia kijana ambaye hakwenda. *Soma Kumbukumbu la Torati 16:13–15.* Katika orodha ya watakaofurahia Sikukuu ya Vibanda wamo watumishi, mgeni, yatima na mjane. Kijana anayebaki nyumbani kwa kukosa ada na sare naye amefundishwa na kambi ile ile. Amejifunza kwamba kanisani kuna baraka zinazolipiwa. Somo hilo nalo hudumu, na watakaoulizwa juu yake ni watu wazima.

Chini ya Mlima

*Soma Luka 9:28–43. Petro alitaka kufanya nini juu ya mlima? Walikuta nini waliposhuka?*

Petro alipouona utukufu wa Bwana alitaka kujenga vibanda vitatu na kubaki pale pale. Siku iliyofuata walishuka, wakakutana na baba anayelia kwa ajili ya mwanawe wa pekee, na wanafunzi walioshindwa kumsaidia. Yesu aliyewapandisha mlimani ndiye aliyewashusha. Vyote viwili vilikuwa mapenzi yake.

Baadaye, kando ya moto uani kwa kuhani mkuu, Petro huyo huyo alimkana Bwana wake mara tatu. Kwa kipimo cha yule mzee wa kanisa, ule ulikuwa moto wa mlima tu. Lakini katika 2 Petro 1:14–18, akiwa anajua kwamba kufa kwake kumekaribia, mtume anataja tena kile alichokiona na sauti aliyoisikia mlimani. Mlima haukumzuia asianguke, bali ulibaki ndani yake hata uzeeni, naye akawa na ushuhuda ambao hakuna aliyeweza kumnyang’anya.

Kati ya kuanguka na uzee huo alikuwapo Mtu aliyekuwa amemwombea hata kabla hajaanguka (Luka 22:31, 32), ambaye baada ya kufufuka alimpikia samaki ufuoni, akamuuliza kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo (Yohana 21:9–17). Hakumhukumu Petro kwa wiki zake mbaya.

Kwa hiyo swali la mzee halimhusu kijana peke yake. Kijana ameshuka kutoka mlimani akiwa na ujuzi mpya na nguvu kidogo. Je, Sabato ya kwanza baada ya kambi alikuta kazi ikimngoja, au alikuta kiti cha nyuma? Yuko aliyemuuliza alijifunza nini? Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini ni lazima awepo mtu wa kumkunja.

Maswali ya Kujadili

1. Je, ahadi iliyotolewa mahali pasipo na majaribu ina uzito sawa na ile iliyotolewa katikati ya majaribu? Eleza.

2. Soma Nehemia 8:13–18. Sikukuu ya Vibanda iliwaletea watu furaha gani baada ya kurudi kutoka uhamishoni? Jambo hilo linafundisha nini kwa kanisa ambalo limeacha kuwapeleka vijana wake kambini?

3. Ni vijana gani katika kanisa lenu hawakwenda kambini kwa sababu ya gharama? Darasa lenu linaweza kufanya nini kabla ya likizo ijayo?

4. Mtajieni kijana mmoja aliyerudi kambini mwaka huu kazi halisi atakayoanza kuifanya kanisani Sabato ijayo. Nani atakuwa karibu naye siku atakapokosea?