Orodha Tupu Inathibitisha Nini?

Simu ya Android imechomekwa kwenye kompyuta, kioo kinawaka, alama ya chaji inaonekana. Fundi anaiagiza programu ya adb iorodheshe simu zilizounganishwa, naye anapewa orodha tupu. Kwa adb, hakuna simu. Swali linalozuka hapo ni kongwe kuliko umeme: kutoonekana kwa kitu kunathibitisha nini? Ninashikilia kwamba ukimya wa chombo ni ushahidi pale tu tunapojua kuwa, kama kitu kingekuwepo, chombo kingekipata. Sharti hilo ni la zamani. Wanafalsafa wa India waliomfuata Kumarila Bhatta wa karne ya 7 walikubali kwamba kutokuona ni njia mojawapo ya kujua, ila kwa kitu ambacho, kama kingekuwepo, kingeonekana.

Fuata njia ya simu hatua kwa hatua uone sharti hilo linavyovunjika kwa urahisi. Nyaya nyingine za kuchajia hupitisha umeme tu, hazina nyuzi za data. Simu inajaa chaji na kompyuta haipati habari yoyote. Waya ukiwa mzima, huenda mpangilio wa simu uitwao Utatuzi wa USB umezimwa, na kwa kawaida hauonekani hata kwenye mipangilio mpaka mtu aguse Nambari ya muundo mara 7. Kwenye Windows huenda draiva haipo. Kwenye Linux huenda mtumiaji hana ruhusa ya kukifikia kifaa. Na mara nyingi kompyuta hiyohiyo ya Linux, ikiulizwa kwa amri ya lsusb, huitaja simu ambayo adb imeikosa. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali alieleza kwamba jicho huiona nyota ndogo kama dinari, ilhali hesabu za jiometri huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Shahidi mmoja husahihishwa na mwingine. Lakini kiungo kinachonishughulisha zaidi ni cha mwisho. Tangu Android 4.2.2 ya mwaka 2013, simu humwonyesha mwenyewe alama ya ufunguo wa RSA wa kompyuta na kumwuliza kama anairuhusu. Asiporuhusu, kompyuta inaiorodhesha simu kwa namba yake, lakini haiambiwi chochote zaidi. Hapo hakuna kilichoharibika. Yapo basi maarifa yasiyopatikana kwa kuboresha chombo, bali kwa ridhaa ya anayetafutwa, na nia iliyo moyoni mwa mtu ni mfano wake ulio wazi.

Mpinzani atasema nimefungua mlango wa visingizio: kwa hoja hii hakuna kitakachokanushwa, kwa kuwa kila kinachokosekana kitaambiwa kimefichwa na waya mbovu. Pingamizi hili ni zito. Mwaka 1846 hesabu za mwanaastronomia Le Verrier ziliwaelekeza wanaastronomia wa Berlin kwenye sayari ya Neptune, wakaiona. Mwaka 1859 mtu huyohuyo, ili kueleza mwendo wa sayari ya Zebaki usiolingana na hesabu, alidai kuna sayari nyingine karibu na Jua, iliyoitwa Vulcan. Haikuonekana, na watetezi wake walisema mng'ao wa Jua unaificha. Kisingizio hicho, hata hivyo, kilipimika: Jua likipatwa kikamilifu, mng'ao huondoka. Picha zilizopigwa wakati wa kupatwa kwa Jua mwanzoni mwa karne ya 20 hazikuipata, na mwaka 1915 Einstein akaeleza mwendo wa Zebaki bila kuihitaji. Fundi hufanya vivyo hivyo: huchomeka simu nyingine ya aina ileile kwa waya uleule. Ikionekana, waya na kompyuta vimeondolewa kwenye shaka. Kisingizio halali hukubali kupimwa peke yake.

Sharti hilohilo linahusu hata swali la kuwepo kwa Mungu. Anayesema Mungu hayupo kwa kuwa hakuna kipimo kilichompata bado hajathibitisha kitu, maana hajaonyesha kwamba kipimo chake kingempata. Naamini jibu hili ni sahihi, lakini linampa mwumini kidogo kuliko anavyotamani: linaondoa hoja moja mbovu ya kukanusha, haliwi hoja ya kuthibitisha. Tena linamdai. Akisema Mungu ni siri isiyofikiwa na vyombo, hajasema jambo ambalo maabara inaweza kulihukumu. Akisema dua fulani huponya ugonjwa fulani kwa kila anayeisoma, ametaja matokeo ambayo daktari angeyaona kama yangekuwepo. Wagonjwa wasipopona, ukimya huo ni ushahidi dhidi ya dai lake, na anapaswa kuliacha, hasa pale mgonjwa anapoacha dawa kwa kumwamini.